Msamiati wa Kiingereza wa siasa na serikali: yapi ya kuelewa tu, yapi ya kutumia kwenye mtihani

Anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza akisikia kuna mada ya siasa na serikali, aghalabu hukimbilia orodha. Huandika “parliament”, “senator”, “dictator”, “monarchy”, akaweka maana pembeni, akakariri. Orodha ikifika maneno 200 anajiona yuko tayari. Kisha anaingia kwenye chumba cha mtihani na kukuta swali linalouliza kama fedha za umma zielekezwe kwenye reli au kwenye barabara, na katika maneno yake yote 200 halipo hata moja la kumsaidia kujibu.

Mitihani ya kimataifa kama IELTS na ile ya Cambridge hupokea watahiniwa wa kila nchi na kila itikadi, kwa hiyo hukwepa swali la nani atawale. Inauliza serikali ifanye nini: igharamie nini, ipige marufuku nini, itoze kodi kipi, imwachie raia aamue lipi mwenyewe. Hapo anayehitajika ni mtu mwenye vitenzi. Majina ya taasisi yana kazi yake, lakini kazi hiyo iko zaidi kwenye kusoma na kusikiliza.

Hivyo hatua ya kwanza ni kugawa maneno mafungu mawili kabla ya kukariri chochote. Fungu la kuelewa tu ni kubwa na halina haraka: “filibuster” (kuchelewesha kura bungeni kwa hotuba ndefu), “gerrymandering” (kuchora mipaka ya majimbo kwa upendeleo), “hung parliament” (bunge ambalo hakuna chama chenye zaidi ya nusu ya viti), “prorogue” (kufunga kikao cha Bunge kwa muda). Ukilitambua neno likipita, inatosha. Fungu la kutumia ni dogo, na ndilo la kusumbukia. Maneno 80 hadi 100 unayoweza kuyaandika bila kusita, pamoja na viambatani vyake, yaani maneno yanayokwenda nayo, na vihusishi vyake, yanafaa kuliko maneno 500 unayoyajua nusunusu. Mwaka 2000 mwanaisimu Averil Coxhead alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, na katika sehemu yake ya kwanza, yenye maneno yanayojirudia zaidi, yamo “policy”, “authority”, “legal” na “legislate”. Maneno ya serikali hayakai kwenye siasa peke yake. Yanapita kwenye makala za afya, mazingira, elimu na uchumi, na ukiyamiliki yanakusaidia kwenye mada hizo zote.

Vitenzi vya serikali

Anza na fedha. “Fund”, “subsidise” na “allocate” yote yanahusu kutoa pesa, lakini kila kimoja kina muundo wake. “Fund” hufuatwa na kitu kinachogharamiwa: “fund public libraries”. “Allocate” hufuatwa na pesa zenyewe, kisha “to”: “allocate more money to public libraries”. “Subsidise” maana yake serikali inalipa sehemu ya gharama ili bei ishuke kwa mtumiaji, hivyo “subsidise public transport” haimaanishi usafiri wa bure. Anayetaka kusema bure aandike “free of charge”. “Invest in” inafaa pale unapotarajia matunda ya baadaye: elimu, utafiti, miundombinu.

Kwenye kuzuia, watu wengi wanajua “ban” peke yake na wanaitumia kwa kila kitu. “Ban” ni kupiga marufuku kabisa. “Restrict” ni kuwekea mipaka. “Regulate” ni kuruhusu huku ukiweka kanuni za kufuatwa. Mtahiniwa anayeandika kwamba serikali i-“ban” matangazo ya vyakula vya watoto, kisha sentensi inayofuata anasema yaruhusiwe usiku, amejipinga mwenyewe kwa neno moja tu. Alichotaka ni “restrict”. Na ukigeuza “ban” kuwa nomino, kitenzi chake ni “impose” na kihusishi chake ni “on”: “impose a ban on smoking in public places”. Marufuku ikiondolewa ni “lift the ban”.

Kwenye sheria kuna mlolongo wa kufuata: “introduce” (kuwasilisha), “pass” (kupitisha), “enforce” (kusimamia ifuatwe), “amend” (kurekebisha), “repeal” (kufuta). Kati ya hivyo, “enforce” ndicho chenye faida kubwa kwa mwandishi wa insha, kwa sababu kinakupa hoja. Mara nyingi sheria ipo tayari na shida ni kwamba haisimamiwi. “The law exists, but it is poorly enforced” ni sentensi fupi, sahihi, na inakutoa kwenye “the government should make a law” ambayo msahihishaji ameshaisoma mara nyingi siku hiyo.

Usisahau upande wa kushawishi, maana insha nzuri hupima kulazimisha na kushawishi kwa pamoja: “encourage people to”, “raise awareness of”, “offer tax incentives”. Kwa ukali kuna “crack down on”, inayofaa kwa uhalifu na ukwepaji kodi.

Kitenzi kimoja kwetu, vinne kwao

Makosa mengi ya Waswahili kwenye mada hii hayatokani na kutojua nomino. Yanatokana na kuhamisha kitenzi. Kiswahili kina vitenzi vichache vyenye nguvu vinavyobeba kazi nyingi, na Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa vitenzi tofauti.

Chukua kuvunja. Kuvunja sheria ni “break the law”, na hapo tafsiri ya moja kwa moja inakubali. Lakini kuvunja Bunge ni “dissolve parliament”, kuvunja kamati ni “disband a committee”, na kuvunja uhusiano wa kibalozi ni “sever diplomatic relations” au “break off”. Anayeandika “the president broke the parliament” ameandika kitu ambacho msomaji wa Kiingereza atafikiri ni jengo.

Kuondoa nako kunatawanyika. Vikwazo huondolewa kwa “lift”, majeshi kwa “withdraw”, sheria kwa “repeal”, waziri kwa “dismiss” au “remove from office”. Kutoa vilevile: kutoa hotuba ni “deliver a speech”, kutoa taarifa rasmi ni “issue a statement”, kutoa rushwa ni “offer” au “pay a bribe”, kutoa hukumu ni “deliver a verdict”. Kufanya uchaguzi si “do” wala “make”. Ni “hold an election”. Kupiga kura ni “vote” au “cast a vote”. Kuunda serikali ni “form a government”. Kuapishwa ni “be sworn in”.

Njia ya kuyashika haya ni kuyapanga kwa kitenzi cha Kiswahili. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, andika KUONDOA juu, na chini yake weka jozi zote unazokutana nazo: kitenzi cha Kiingereza pamoja na nomino yake, kamwe si kitenzi peke yake. Kurasa sita zinatosha kwa kuanzia: kuvunja, kuondoa, kutoa, kuweka, kupitisha, kufanya. Kosa lako lilipozaliwa ndipo utakapolikamatia.

Vihusishi navyo vina mitego yake. “Oppose” haitaki kihusishi: “oppose the bill”. Ukisema “be opposed” au “opposition”, “to” inarudi. “Support” kama kitenzi haina kihusishi, kama nomino inachukua “for”. “Approve the budget” ni kuidhinisha bajeti, lakini “approve of the budget” ni kuiona nzuri, na mtu anaweza kufanya la kwanza bila la pili. “Accountable” ina vihusishi viwili kwa wakati mmoja: waziri ni “accountable to parliament for public spending”, yaani anawajibika kwa Bunge kuhusu matumizi ya umma. “Discuss” haina “about” kabisa.

Nomino zinazochanganywa

Neno haki ndilo linaloongoza kwa kuwapoteza watu. Haki za binadamu ni “human rights”. Haki itendeke ni “justice must be done”. Uchaguzi huru na wa haki ni “free and fair elections”. Maneno matatu tofauti kwa neno letu moja, na hayabadilishani nafasi.

Kura ya maoni nayo ni hatari kwenye kusoma. Kwetu inaweza kuwa wananchi wote wanapigia kura katiba, na hiyo ni “referendum”. Inaweza kuwa utafiti wa kuuliza watu wachache wanampenda nani, na hiyo ni “opinion poll”. Inaweza kuwa wanachama wa chama wanachuja wagombea wao, na hiyo ni “primary”. Ukikuta “a recent poll shows” ni utafiti, lakini “the country goes to the polls” ni uchaguzi wenyewe.

Mamlaka huwagawa watu kati ya “power” na “authority”. Aliyepindua serikali usiku ana “power”, kwa sababu anaamrisha na watu wanatii. “Authority” ni mamlaka yanayokubalika kisheria au kwa ridhaa, na hayo bado hana. Ukiongeza “the” na wingi, “the authorities”, maana inahama tena: hao ni maofisa, polisi na vyombo vya dola, na kitenzi chake daima ni cha wingi.

“State” hutegemea inapotumika. Katika “welfare state” na “state intervention” ni dola. Katika habari za Marekani mara nyingi ni jimbo. “Head of state” ni mkuu wa nchi na “head of government” ni mkuu wa serikali: Uingereza hao ni watu wawili, mfalme na waziri mkuu, ilhali Marekani ni mtu mmoja, rais. “Secretary of State” katika serikali kuu ya Marekani ni waziri wa mambo ya nje peke yake, lakini Uingereza cheo hicho wanacho mawaziri wengi wanaoongoza wizara.

“Politics” ni siasa, “policy” ni sera, na “political” ndicho kivumishi. “Politic” bila herufi za mwisho ipo, ila maana yake ni yenye busara, hivyo “politic party” haifai. “Politics” ina “s” lakini huchukua kitenzi cha umoja kama taaluma au shughuli: “politics is”. “Legislation” haihesabiki, hakuna “legislations”, kuna “a piece of legislation” au “laws”. Na sera ya uchumi ni “economic policy”. “Economical” ni yenye kubana matumizi, kama gari lisilokula mafuta mengi.

Jifunze kwa mlolongo

Maneno ya uchaguzi hushikika haraka zaidi yakisimuliwa kuliko yakiorodheshwa, kwa sababu kila tukio linaita lingine. Huu hapa mlolongo mfupi wa kukariri kwa sauti:

“The prime minister called an election. Five candidates stood in the constituency. They campaigned for six weeks on their party manifestos. On polling day, turnout was low. Voters cast their ballots, the votes were counted, and no party won an overall majority. Two parties formed a coalition, and the new cabinet was sworn in.”

Sentensi sita, na ndani yake kuna zaidi ya viungo kumi vya uchaguzi, kila kimoja kikiwa na kitenzi chake. Jimbo la uchaguzi ni “constituency”, ilani ni “manifesto”, idadi ya waliojitokeza ni “turnout”, nayo kwa kawaida huwa “high” au “low”. “Stood” ni ya Uingereza; Marekani wangesema “ran”, na kusingekuwa na waziri mkuu wa kuitisha uchaguzi, maana tarehe zao zimewekwa na sheria. Ukishaweza kusimulia hivi bila kutazama, badili: mara hii kuna mshindi wa wazi, “won by a landslide”, mara hii matokeo yanapingwa, “disputed the results”, mara hii kura zimeibwa, “the election was rigged”. Mlolongo mmoja unazaa mitatu, nao unakufaa hata kwenye mtihani wa kuzungumza.

“Majority” inastahili kusimamiwa kidogo. Tuseme mgombea A ana kura 45,000, B ana 35,000 na C ana 20,000. Gazeti la Uingereza litasema A ameshinda kwa “a majority of 10,000”, yaani tofauti kati yake na aliyemfuata. La Marekani litasema A amepata “a plurality”, kwa sababu ana kura nyingi kuliko kila mmoja lakini hajafikisha nusu. Ukitaka kusema zaidi ya nusu bila utata, andika “an absolute majority”. Maswali ya kweli au si kweli hupenda kujificha mahali kama hapa.

Mlolongo wa pili ni wa muswada. Uingereza “bill” husomwa mara ya kwanza, “first reading”, ambayo ni kutambulishwa tu. Mjadala wa misingi yake uko kwenye “second reading”. Kisha “committee stage”, ambako hupitiwa kifungu kwa kifungu, “report stage”, “third reading”, halafu unahamia kwenye bunge la pili. Ukikubaliwa na pande zote mbili hupata “Royal Assent”, idhini ya mfalme, na tangu hapo unaitwa “Act”. Usiite “bill” sheria, wala usiseme “bill” ime-“come into force”. Marekani muswada ukipita Baraza la Wawakilishi na Seneti hupelekwa kwa rais, ambaye hu-“sign” au hu-“veto”. “Congress” inaweza ku-“override the veto” kwa theluthi mbili za kila bunge. Angalia pia “the”: “Congress” haina, “the Senate” inayo, na “Parliament” ya Uingereza kwa kawaida haina.

“Impeach” ndilo neno linaloeleweka vibaya kuliko yote. Si kumwondoa rais. Ni kumfungulia mashtaka, kazi ya Baraza la Wawakilishi, na hukumu ni ya Seneti. Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, Donald Trump mwaka 2019 na tena 2021, wote walikuwa “impeached” na wote wakaachiwa na Seneti, “acquitted”. Richard Nixon, ambaye wengi humtaja kama mfano, hakuwahi kufikishwa hapo: alijiuzulu mwaka 1974 kabla Baraza zima halijapiga kura. Kwake kitenzi ni “resigned”.

Familia za maneno, na mahali pa kuweka mkazo

C1 Advanced na B2 First za Cambridge zote zina sehemu ya kuunda maneno yenye mapengo 8, ambapo unapewa mzizi na kutakiwa kuugeuza. Mada ya serikali ina familia nono. Kutoka “legislate” unapata “legislation” ambayo ni sheria, “legislator” ambaye ni mtunga sheria, “legislature” ambayo ni chombo cha kutunga, na “legislative” ambayo ni kivumishi. Kutoka “elect”: “election”, “electoral”, na “electorate”, yaani wapiga kura wote kwa jumla. Kutoka “govern”: “government”, “governor”, “governance”, hata “ungovernable”. Wengi hupoteza alama kwenye kukanusha, kwa sababu kila neno lina kiambishi chake: “illegal”, “unconstitutional”, “undemocratic”, “illegitimate”, “ineffective”, “non-partisan”. Kabla ya kuandika jibu, soma sentensi nzima na ujiulize kama maana inataka hasi. Pengo likiwa linaongelea maandamano ya kupinga uamuzi wa mahakama, “constitutional” peke yake huenda ikawa kinyume cha kinachotakiwa.

Mkazo nao hubadilika ndani ya familia, na sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho huwa tunaukosa. Ni PO-li-tiks, lakini po-LI-ti-kal, na po-li-TI-shan. Ni DE-mo-krat, kisha de-MO-kra-si, kisha de-mo-KRA-tik. Zisome tatutatu kwa mfululizo hadi ulimi uzoee kuhama. Kuna na herufi zisizotamkwa: “p” ya “coup” haisikiki, linatamkwa kuu, “g” ya “campaign” na ya “sovereignty” haisikiki, “parliament” hutamkwa kama PA-la-ment. Kwenye kusikiliza hili ni la lazima. Mtu asiyejua kwamba kuu ni “coup” atalisikia neno na kuliacha lipite.

Maneno ya kuwa nayo macho kwenye kusoma

Baadhi ya maneno yana maana mbili zinazopingana. “Sanctions” ni vikwazo, lakini “to sanction” inaweza kuwa kuidhinisha. “Oversight” ni usimamizi, na pia ni kosa la kupitiwa. “Parliamentary oversight of the army” ni la kwanza. “Table a motion” Uingereza ni kuwasilisha hoja ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe.

Vichwa vya habari vina lugha yao ya maneno mafupi. “Axe” ni kufuta au kupunguza, “back” ni kuunga mkono, “oust” ni kung’oa madarakani, “probe” ni uchunguzi, “row” ikitamkwa rau ni mzozo. Hayo ni ya fungu la kuelewa tu. Kwenye insha andika “abolish”, “support”, “remove”, “investigation”, “dispute”. Majengo na mitaa pia husimama badala ya watu: “Downing Street” ni ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, “Whitehall” ni watumishi wa serikali yake, “Capitol Hill” ni Bunge la Marekani.

Sentensi moja, neno kwa neno

Hii ni sentensi ya aina inayoandikwa sana na watahiniwa wa kiwango cha kati: “The government should make a law to stop people to drive cars in town because the government has a lot of money and it can do it.”

Inaeleweka. Ila “stop people to drive” ni kosa la muundo. “Stop” hutaka “from driving”. “Make a law” si kosa, ni hafifu. “Stop” inapiga marufuku kabisa, na huenda mwandishi hakukusudia hivyo. “The government” imejirudia. Na sababu ya mwisho haishiki, maana kuwa na pesa si sababu ya kuzuia magari. Ikiandikwa upya: “The government should introduce legislation restricting private cars in city centres, provided that it also funds reliable public transport and has the means to enforce the rules.”

Maneno mapya ni machache: “introduce legislation”, “restrict”, “fund”, “enforce”. Hakuna hata moja la kushangaza. Kilichopanda ni usahihi, na usahihi ndio unaopimwa. Katika IELTS msamiati ni moja ya vigezo vinne vya kuandika, kila kimoja robo ya alama, na vigezo vyenyewe vinataja wazi uwezo wa kuunganisha maneno yanayokwenda pamoja. Neno adimu lililokaa mahali pasipo pake linashusha alama kuliko neno la kawaida lililokaa vizuri.

Kukwepa kurudia “the government” kuna mtego wake. “Policymakers” hupanga, “lawmakers” hupitisha, “officials” hutekeleza, “regulators” husimamia. Ukiandika “lawmakers should build more hospitals” umewapa wabunge kazi ya wizara. Chagua anayelingana na kitenzi, na kama hayupo, rudia “the government” bila wasiwasi.

Namna ya kujifunza

Maneno 8 kwa siku yanatosha. Ukizidisha utakuwa unaongeza ya kusahau. Chukua habari moja ya maneno 300 hadi 400. Isome mara ya kwanza bila kamusi. Mara ya pili pigia mstari jozi za kitenzi na nomino, kama “reject the proposal” au “face criticism”, na uache maneno yaliyo peke yake. Chagua jozi 8, hakiki kila moja kwenye kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, na uangalie alama tatu: C au U inayokuambia kama nomino inahesabika, alama ya mkazo iliyo mbele ya silabi, na neno “formal” au “informal”.

Kisha tengeneza kadi. Upande wa kwanza weka sentensi ya Kiingereza yenye pengo na dokezo la Kiswahili: “Parliament voted to ____ the law”, kufuta. Upande wa pili “repeal”. Kadi yenye neno moja mbele na tafsiri moja nyuma inakufundisha kutambua, na kutambua hakukusaidii kuandika. Rudia kadi siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30, ukijilazimisha kutamka jibu kabla ya kugeuza. Ukishindwa, kadi inaanza tena siku ya 1.

Mara mbili kwa wiki andika aya ya maneno 100 kwa kutumia jozi 5 za wiki hiyo, bila kutazama kadi. Aya isiyohusu siasa ndiyo bora: plastiki, uvutaji sigara, usafiri, makazi. Hapo utaona kama “impose”, “subsidise” na “enforce” zinakujia zenyewe au bado unazitafuta.

Siku ya mtihani, tenga dakika 3 za mwisho kwa tahajia. “Government” ina “n” kabla ya “m”. “Parliament” ina “i” isiyosikika. “Committee” ina “m” mbili, “t” mbili na “e” mbili. “Bureaucracy” huanza na “bureau”. Kwenye karatasi ya kusikiliza ya IELTS jibu lililokosewa tahajia halipewi alama, hata kama ulilisikia sawasawa. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote hukubaliwa, lakini kwenye insha shika moja: ukianza na “defence” na “programme”, maliza nazo.